Somo la Nyumbani: Kabati za Jikoni Zisizodhuru Afya wala Misitu

Ukiingia jikoni siku fundi anapomaliza kufunga kabati mpya, harufu ndiyo inayokupokea kwanza. Macho yanawasha kidogo, koo inakauka, na mtu anasema kwa furaha, "Hii ni harufu ya kitu kipya." Wiki mbili baadaye mtoto anakohoa usiku, na hakuna anayekumbuka kabati.

Nyumba zinajengwa kwa wingi katika eneo letu, kuanzia Makutano, Nkubu na Maua hadi kwa majirani zetu wa Runyenjes, Embu na Siakago. Kabati za jikoni, ambazo zamani zilikuwa za wachache, sasa zimo katika ramani ya karibu kila nyumba ya mawe. Ni gharama kubwa kwa familia, na hulipwa mara moja. Kwa hivyo inafaa mwananchi ajue anachonunua kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Somo hili linaeleza harufu ile inatoka wapi, inaweza kudhuru vipi, na chaguo zipi zinapatikana hapa kwetu kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Sheria pia inatugusa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Hewa ya jikoni ndiyo ambayo mama, mtoto na nyanya huivuta kwa saa nyingi zaidi kuliko hewa ya barabarani.

Ndani ya bodi kuna nini

Kabati nyingi za siku hizi hazitengenezwi kwa mbao halisi. Hutengenezwa kwa bodi za kiwandani, na kuna aina nne ambazo utazikuta katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Chipbodi ni vipande vidogo vya mbao vilivyogandamizwa. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa hadi zikawa kama kadibodi ngumu. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizopandanishwa. Blokibodi ina vijiti vya mbao katikati na tabaka nyembamba juu na chini.

Bodi zote nne hushikwa na gundi. Gundi ya bei nafuu zaidi, ambayo hutumika sana katika chipbodi na MDF, hutengenezwa kwa yurea na fomaldehidi. Fomaldehidi ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu kali. Sehemu yake hubaki ndani ya bodi bila kushikana na gundi, kisha hutoka polepole kwa miezi, hata miaka. Hutoka kwa wingi zaidi mwanzoni, na hupungua kadiri muda unavyopita.

Gesi hii huwasha macho, pua na koo, na inaweza kumsumbua zaidi mtu mwenye pumu. Mwaka 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba hewa ya ndani ya nyumba isizidi miligramu 0.1 za fomaldehidi katika kila mita moja ya ujazo, kwa kipimo cha dakika 30.

Mambo mawili huongeza kasi ya gesi kutoka: joto na unyevu. Gundi ya yurea huvunjika taratibu inapokutana na maji na joto, na jikoni kuna vyote viwili. Ndiyo maana kabati ya chini ya sinki ndiyo huvimba kwanza, na ndiyo hutoa harufu kwa muda mrefu zaidi. Anayejenga nyumba ya mabati bila dari kule Kiritiri au Ishiara, ambako jua ni kali, ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu kuliko anayejenga Timau penye baridi.

Mfano mmoja wa mbali unatufaa. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005 nchini Marekani, familia nyingi zilizopoteza makao ziliwekwa katika nyumba za trela zilizojaa bodi za aina hii. Watu walilalamika kuhusu macho, pua na kupumua. Wataalamu wa afya wa serikali walipima trela 519 mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, wakakuta wastani wa sehemu 77 za fomaldehidi kwa kila sehemu bilioni moja za hewa, kiwango kilichozidi kile cha kawaida cha nyumba. Vipimo hivyo vilichukuliwa majira ya baridi, na wataalamu walionya kwamba joto lingekiongeza. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kudhibiti gesi hii katika bodi.

Hesabu ya jikoni moja

Tuchukue jikoni ya kawaida yenye upana wa mita 3, urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Ukizidisha, unapata hewa ya mita 22.5 za ujazo. Tuseme fundi ametumia bodi sita za futi 8 kwa 4. Kila bodi ina karibu mita 3 za mraba kila upande, yaani karibu mita 6 kwa pande zote mbili. Bodi sita zinatupa mita 36 za mraba. Gawanya 36 kwa 22.5 na utapata 1.6. Kila mita moja ya ujazo ya hewa inazungukwa na mita 1.6 za mraba za bodi.

Kwa nini hesabu hii ni muhimu? Bodi zenye alama ya E1, daraja linalojulikana sana kutoka Ulaya, hupimwa katika chumba maalumu chenye mita moja ya mraba ya bodi kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa joto la nyuzi 23, na hewa ikibadilishwa mara moja kila saa. Zikipimwa hivyo, hazifai kuzidisha miligramu 0.124. Jikoni yetu ya mfano ina bodi nyingi kuliko chumba hicho, na mchana joto linaweza kuwa juu zaidi. Kwa hivyo alama ya E1 ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi peke yake. Njia mbili zinabaki mikononi mwako: kupunguza kiasi cha bodi iliyo wazi, na kuongeza hewa inayopita.

Tusisahau moshi

Kabla ya kutumia shilingi hata moja kwa kabati, jiulize chakula chako kinapikwa kwa nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na uchafu wa hewa majumbani ulichangia vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi wa kuni una chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, pamoja na gesi ya sumu ya kaboni monoksidi na fomaldehidi yenyewe. Kama mnapika kwa kuni au makaa ndani ya chumba kimoja kisicho na bomba la moshi, tengenezeni bomba la moshi na dirisha kwanza. Kabati zinaweza kungoja.

Chaguo tulizo nazo

*Mbao za shambani.* Wakulima wetu wa kahawa na majani chai wana hazina mipakani mwa mashamba yao. Mukima, mti uliotoka Australia na kupandwa hapa kuwapa kahawa na chai kivuli, hutoa mbao nzuri zenye madoadoa ya kupendeza. Muringa pia hufaa kwa milango ya kabati. Saipres ni nyepesi na rahisi kufanyia kazi. Mbao halisi hazina gundi ndani yake, na zikikwaruzika hurandwa upya, jambo ambalo bodi haliwezi.

Lakini mbao hizi zina masharti. Lazima zikauke. Mbao mbichi ikifungwa jikoni itapinda, milango itagoma kufungika, na fedha zitakuwa zimepotea. Panga mbao kivulini juu ya mawe, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na funika juu mvua isifike. Kujua kama zimekauka, kata kipande kidogo na ukipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua kwa majuma matatu mfululizo, ziko tayari. Mukima una udhaifu wa kushambuliwa na wadudu watoboao mbao, kwa hivyo kagua matundu madogo na unga mweupe kabla ya kununua. Vumbi lake pia huwawasha ngozi watu wengine, na fundi anapaswa kufunika mikono na uso.

Kuna mti mmoja ambao tunaombwa tuuhurumie. Muuru, unaojulikana kwingine kama mwaloni wa Meru, unatoka katika miteremko ya Mlima Kenya na umebeba jina letu. Mbao zake ni za sifa, na sifa hiyo ndiyo imeuponza. Umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini kutoweka. Kama huna muuru uliopandwa shambani, usiutafute kwa njia za mkato. Februari 2018 serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo likadumu kwa miaka kadhaa, kwa sababu misitu ya milimani ndiyo hulisha mito yetu. Muuzaji wa mbao aulizwe mti umetoka wapi, na aonyeshe kibali cha kusafirisha mbao kutoka Huduma ya Misitu ya Kenya. Asiye na kibali anakuuzia pia kesi.

*Bodi zilizochaguliwa vizuri.* Si kila mtu atamudu mbao halisi kila mahali, na si lazima. Ukinunua bodi, tafuta alama kwenye ukingo au kwenye karatasi za shehena. E1 ni ya kukubalika. E0, alama ya F yenye nyota nne kutoka Japani, au alama za Marekani za CARB 2 na TSCA Title VI ni bora zaidi. E2 iache. Bodi isiyo na alama yoyote, ambayo muuzaji anasema tu kwamba ni "ya nguvu", ihesabu kuwa haijulikani. Rangi ya kijani ndani ya bodi huashiria kwamba inastahimili unyevu. Haithibitishi kwamba ina fomaldehidi kidogo. Plaiwudi ya kustahimili maji huunganishwa kwa gundi ya fenoli, ambayo mara nyingi huonekana kama mistari ya rangi ya kahawia iliyokolea ukingoni, na gundi hiyo hutoa gesi kidogo sana kuliko ile ya yurea. Hiyo ndiyo ya kuweka chini ya sinki.

Kisha zuia njia za gesi. Bodi iliyofunikwa kwa melamini pande zote mbili hutoa gesi kidogo, mradi kifuniko ni kizima. Tatizo huwa ukingoni, nyuma, na kwenye matundu ya mabomba na bawaba. Mafundi wengi hufunika ukingo unaoonekana tu. Sisitiza kila ukingo ufungwe kwa utepe, na kila tundu lizibwe. Utepe huo huo huzuia maji yasiingie, na kabati yako itaishi zaidi.

*Kabati za saruji.* Hii ndiyo chaguo ambayo wengi hupuuza ilhali waashi wetu wanaijua. Jenga kuta fupi za matofali au mawe chini, mwaga slabu ya kuwekea vyombo, piga plasta au weka vigae, kisha funga milango ya mbao tu. Badala ya bodi sita utatumia mbao za milango na rafu chache. Saruji haiogopi maji, mchwa wala joto, na haina gundi ya kutoa gesi. Kwa upande wa juu, rafu wazi za mbao zinatosha familia nyingi.

*Kabati kuukuu.* Kabati iliyotumika miaka kumi imeshatoa sehemu kubwa ya gesi yake. Kama ni kavu na haijavimba, kuibadilisha milango na bawaba ni bora kuliko kuitupa. Tahadhari ni moja: rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Usiipige msasa mkavu. Lowesha kwanza, watoto na mama mjamzito wawe mbali, na ufute vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Rangi na vanishi

Unaweza kununua mbao safi kisha ukaziharibu kwa kopo moja. Vanishi za kupuliza zinazochanganywa na thina hujaza hewa kemikali zinazopaa, na ni hatari ya moto. Zile za makopo mawili yanayochanganywa zina kemikali zinazoweza kumletea anayepuliza pumu ya kudumu. Kazi hiyo ifanyike karakanani na fundi mwenye kinga kamili, na kabati zikauke huko kwa majuma kadhaa kabla ya kuletwa nyumbani.

Vanishi ya maji au rangi ya maji ya kiwango cha mbao ina kemikali chache zaidi. Kenya imeweka kikomo cha risasi katika rangi kuwa sehemu 90 kwa kila sehemu milioni, kwa hivyo nunua kopo lenye alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kuihakikisha kwa simu: andika SM, alama ya #, na nambari ya kibali iliyo chini ya alama, kisha utume kwa 20023.

Njia ya asili ni nta. Mbeere na Tharaka ni nchi za mizinga, na nta ya nyuki ikichanganywa na mafuta ya kitani huipa mbao kinga nzuri. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya makadamia, kwa maana hayakauki. Yatanata na kuoza. Kumbuka pia kwamba kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kinaweza kujiwasha chenyewe kikikunjwa. Kitandaze nje kikauke, au kiloweshe maji kabla ya kukitupa.

Mabaki ya karakana: hatari iliyofichika

Hapa tunaomba usikivu wako zaidi. Karakana nyingi hutoa bure vipande na vumbi la mbao, na familia huvitumia kupikia au kutandika mabanda ya kuku. Maranda ya mbao halisi hayana ubaya. Lakini vipande vya MDF, chipbodi na plaiwudi, au mbao zilizopakwa rangi, vikichomwa jikoni hutoa gesi za sumu za gundi na rangi. Vumbi la MDF katika banda la vifaranga huwashambulia vifaranga na anayewafagilia. Hatari zaidi ni vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani-kijani: nyingi zina aseniki, na aseniki hubaki kwenye majivu. Majivu hayo yasitiwe kwenye mboga, yasioshewe sufuria, na mbao hizo zisitengenezewe kabati.

Ukiwa fundi, tenga magunia mawili: moja la maranda ya mbao halisi, jingine la mabaki ya bodi. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la mbao lenyewe limeorodheshwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, hata kama ni kijana mmoja anayejifunza kazi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, uliza kwa heshima, na majibu yaandikwe katika makubaliano:

1. Fundi, bodi hii ni ya daraja gani, na alama iko wapi?
2. Mbao hizi zimekauka kwa muda gani, na zimetoka shamba la nani?
3. Chini ya sinki utaweka nini?
4. Utafunga kingo zote, hata zisizoonekana?
5. Utapaka vanishi gani, na wapi?
6. Kabati zitakaa karakanani siku ngapi baada ya kupakwa?

Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayejua kwa nini kazi nzuri ina bei yake.

Mwezi wa kwanza

Kabati zikishafungwa, acha milango na droo wazi mchana kwa majuma manne, na madirisha ya pande mbili yafunguliwe ili hewa ipite. Ikiwezekana, zifungwe mwezi mmoja kabla ya familia kuhamia, hasa kama kuna mtoto mchanga. Usiitegemee pua: baada ya siku chache huizoea harufu, ilhali gesi ingali inatoka. Usifunike harufu kwa manukato, maana unaongeza kemikali juu ya kemikali. Mtu akiwashwa macho au kukohoa akiwa ndani na kupata nafuu akitoka nje, mweleze mhudumu wa afya kwamba nyumba ina kabati mpya. Taarifa hiyo ndogo inaweza kumwokoa mgonjwa na dawa zisizo zake.

Zoezi la nyumbani

Chukua futi na kalamu. Pima urefu, upana na kimo cha jikoni yako, kisha uhesabu mita za mraba za bodi zilizomo, pande zote mbili. Gawanya eneo la bodi kwa ujazo wa hewa. Ukipata zaidi ya 1, angalia madirisha yako na kingo zilizo wazi. Halafu fungua kabati ya chini ya sinki na upapase sakafu yake. Ikiwa imevimba au ina unyevu, rekebisha bomba kwanza, kisha ubadilishe kipande hicho pekee kwa plaiwudi ya maji au kigae.

Aliye na nafasi mpakani mwa shamba na apande mukima, muringa au muuru msimu huu wa mvua. Mtoto anayezaliwa leo atahitaji kabati siku moja, na mti wake unaweza kuanza kukua sasa.